Kisigino hakigusi chini: kipimo cha mwendo kinatafuta nini

Watoto wawili wenye mtindio wa ubongo wanatembea kwa ncha za vidole. Kwa macho wanafanana. Wa kwanza kigimbi chake kimekaza na kuuvuta unyayo uelekee chini. Huyo pengine atafaidika kano yake ya kisigino ikirefushwa. Wa pili kifundo chake cha mguu hakina tatizo, unyayo na muundi vimekaa digrii 90 kama inavyotakiwa. Kinachoinua kisigino chake ni goti na nyonga visivyonyooka. Ukimrefushia kano huyu wa pili, umedhoofisha msuli uliokuwa ukiuzuia muundi usiangukie mbele. Goti litazidi kupinda, na kadiri mwili unavyoongezeka uzito ndivyo atakavyotembea kama mtu aliyechuchumaa nusu.

Maabara za mwendo, yaani vyumba ambamo kamera na kompyuta hupima jinsi mtu anavyotembea, zipo hasa kwa ajili ya kuwatofautisha watoto hawa wawili. Zamani daktari alirefusha kano moja, akangoja, kisha mwaka uliofuata akaenda kwenye nyingine iliyojitokeza kuwa fupi. Mercer Rang, daktari bingwa wa mifupa ya watoto kule Toronto, aliuita mtindo huo ugonjwa wa sikukuu ya kuzaliwa: kila mwaka keki inakatwa na mtoto yumo ndani ya plasta. Wengine, akiwemo James Gage wa hospitali ya Gillette huko Minnesota, Marekani, walishikilia kwamba mtoto apimwe kwanza, kisha nyonga, goti na kifundo vyote virekebishwe katika upasuaji mmoja.

Si kila mtoto anahitaji kipimo hiki. Kinawafaa wanaotembea, wenyewe au kwa magongo, yaani viwango vya I hadi III katika GMFCS, mizani yenye viwango vitano ya uwezo wa kujongea wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Wengi huwa tayari kuanzia miaka minne au mitano, maana kabla ya hapo mtoto hubandua kila unachombandika. Jambo moja lisichanganywe na haya: mvulana aliyekuwa akikanyaga vizuri, kisha akaanza kunyata kwa vidole, anaanguka ovyo, vigimbi vimenenepa, na akitaka kuinuka sakafuni anajisukuma kwa mikono juu ya mapaja yake. Huyo aanze na kipimo cha damu cha ugonjwa wa misuli, na asicheleweshwe.

Maandalizi huanzia nyumbani, na kwetu adui wa kwanza ni mafuta. Mtoto akishapakwa Vaseline au mafuta ya nazi, hakuna gundi itakayoshika. Aogeshwe, asipakwe kitu. Avae kaptura fupi ya kubana, ya rangi nyeusi. Mje na viatu vyake vya kila siku, hata kama vimechakaa, pamoja na splinti (kifaa kigumu cha kushikilia mguu) na gongo analotumia. Kama amedungwa sindano ya botulinum, ile ya kulegeza misuli, semeni tarehe. Dawa hiyo hufanya kazi kwa takriban miezi mitatu, na kumpima ikiwa bado ina nguvu ni kupima dawa, si mtoto. Kazi nzima huchukua saa mbili hadi tatu, kwa hiyo chakula kisisahaulike.

Kwanza mtoto hulazwa kitandani na viungo vyake vyote hupimwa kwa mkono na kipimapembe. Hapa kuna kipimo kidogo kiitwacho Silfverskiöld ambacho nakithamini kuliko mashine nyingi. Unyayo unasukumwa kuelekea juu goti likiwa limenyooka, kisha tena goti likiwa limekunjwa. Ukikwama goti likinyooka na kuachia likikunjwa, aliyefupika ni ule msuli wa juu wa kigimbi unaovuka goti. Ukikwama mara zote mbili, msuli wa chini nao umo. Hupimwa pia misuli ya nyuma ya paja, mkunjo wa nyonga, msokoto wa mfupa wa paja, na nguvu ya kila msuli, kwa sababu msuli mfupi na msuli dhaifu havitibiwi kwa njia moja.

Kisha vinabandikwa vitufe vinavyorudisha mwanga, kila kimoja na kipenyo cha milimita 14 hivi. Mpangilio wa kawaida hutumia kama 15 au 16 kuanzia kiuno kushuka: kwenye mifupa inayojitokeza mbele ya nyonga, chini ya mgongo, pajani, pembeni mwa goti, kwenye muundi, kifundoni, kisiginoni na juu ya unyayo. Kamera zilizozunguka chumba hurusha mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na kunasa picha 100 au zaidi kwa sekunde. Hii ndiyo sababu viatu vyenye utepe unaong'aa vinaleta fujo: kamera huuona utepe nao kama kitufe.

Mtoto hutembea peku kwanza, huku na huku, mpaka zipatikane hatua safi kadhaa za kila mguu, kisha hurudia akiwa na splinti. Sakafuni yamefukiwa mabamba yanayopima nguvu ya mguu unapokanyaga. Bamba moja lapaswa kupokea mguu mmoja mzima. Watoto wadogo wana hatua fupi, miguu yote miwili hutua juu ya bamba moja na hatua hiyo hutupwa. Mzazi mwema akinong'ona "kanyaga hapo mwanangu", mtoto anairefusha hatua makusudi na vipimo vinaharibika. Asiambiwe kabisa kwamba mabamba yapo.

Penye makosa mengi ni kitufe cha goti. Kikisogea kidogo mbele au nyuma, kompyuta hukosea mhimili wa goti, na kosa hilo hupanda mpaka kwenye nyonga. Dalili yake huonekana kwenye mchoro wa pembe za viungo unaotolewa na kompyuta: goti linaonekana kuyumba pembeni digrii nyingi kila mguu unaporushwa mbele. Goti halifanyi hivyo. Ukiuona mchoro wa aina hiyo, usiuamini hata ule wa mzunguko wa nyonga, na huo ndio daktari anaoutazama kabla ya kuamua kukata mfupa wa paja na kuuzungusha. Heri kubandika upya na kuanza tena.

Mchoro husomwa hatua kwa hatua, tangu mguu unapotua hadi mguu uleule unapotua tena. Kwa mtu asiye na tatizo, asilimia 60 hivi ya muda huo mguu uko chini na 40 uko hewani, na goti hukunjwa hadi karibu digrii 60 ili vidole visiburure. Goti la mtoto likibaki gumu hewani, elektrodi, vibandiko vinavyonasa umeme wa misuli, zilizobandikwa mbele ya paja huonyesha kama msuli wa pale unafanya kazi wakati ulipaswa kupumzika.

Pasipo na maabara, simu inafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Tafuta sehemu tambarare ya mita nane. Simu iwe juu ya kigoda au stendi, usawa wa magoti au nyonga za mtoto, isishikwe mkononi wala kumfuata kutoka juu. Rekodi kutoka kila upande, mbele na nyuma, kwa mwendo wa polepole, magoti yakiwa wazi. Weka alama ya kalamu katikati ya kila pia ya goti. Video hiyo inatosha kujazia alama za Edinburgh, fomu ya kupima mwendo kwa kutazama tu: mambo 17 kwa kila mguu, kila moja 0 hadi 2, na jumla ikiwa kubwa mwendo ni mbaya zaidi. Haitakupa nguvu za viungo, na katika misokoto ya mifupa inapotosha.

Maabara nayo ina upofu wake. Mbele ya wageni mtoto hutembea mwendo wa kujionyesha, tofauti na ule wa saa kumi jioni akitoka shule kwenye mchanga. Ndiyo maana ni vizuri pia kuuliza anatembeaje kwa mita 5, 50 na 500, yaani ndani ya nyumba, shuleni na mtaani. Na yeye mwenyewe aulizwe kinachomkera. Wengine hawajali kabisa visigino. Wanachotaka ni kuacha kuchoka.

Mkiondoka ombeni nakala ya video na michoro, si barua ya majibu peke yake. Kipimo cha pili kwa kawaida hufanywa mwaka mmoja hivi baada ya upasuaji, mara nyingi na watu wengine kabisa, nao watahitaji kuiona ile video ya kwanza ya mtoto akitembea peku.