Shati la kujifichia ninga: kitambaa kimekubali, uzi umegoma

Jana usiku nilizima taa zote nikalimulika shati ninalolitia rangi ili nijifiche nikimpiga picha ninga, yule njiwa wa kijani, kwa taa ya kukagulia noti bandia. Ile buluu iliyokuwa iking'aa mgongoni haipo tena! Ila mishono, jamaa. Mabegani, kwapani, ukingoni mwa mfuko, kote kuna mstari mwembamba unawaka, utadhani nimechorwa kwa chaki.

Kombati nilizifuta mapema. Raia haruhusiwi kuvaa nguo zinazofanana na za jeshi, na mwaka 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku 7 zisalimishwe. Sitaki kusimamishwa njiani Konde, huku Pemba, nieleze kwamba usasi wangu mie ni wa kamera.

Ushauri wa wawindaji wa Marekani nao haunifai. Wao wanamfuata kulungu, asiyepambanua vizuri rangi ya machungwa na kijani, ndiyo maana huvaa fulana za machungwa wasipigane risasi. Ndege anaziona rangi zetu zote, na wengi wao huona hata miale ya urujuanimno, ile ya taa ya noti, ambayo macho yetu hayaioni. Sabuni nyingi za unga zina kemikali ya kung'arisha inayoipokea miale hiyo na kuitoa buluu. Shati la kijani lililofuliwa hivyo halifichi kitu.

Makumbi ya nazi yamefanya kazi: nimeyachemsha, shati likalala humo usiku kucha, kisha likaingia maji ya misumari yenye kutu. Hudhurungi ikageuka kijivu cha gome. Msiliache sana kwenye kutu, pamba itaoza. Gome la mkoko lina rangi kali zaidi, lakini siwezi kuchuna mikoko kwa ajili ya shati la mtumba.

Sasa huu uzi. Ni poliyesta, na poliyesta hainywi makumbi hata kuni zikuishie. Mng'aro umetiwa kiwandani, kwa hiyo sabuni ya kipande haisaidii. Nimepaka masizi, yakatoka na jasho. Nimepitisha kalamu ya wino mzito, mstari ukawa vipandevipande. Fundi cherehani nikamwomba uzi wa pamba, akacheka: "Mwanangu, huo unakatika kwenye mashine, nani anautaka?"

Taa nayo, chukueni yenye kioo cheusi mbele. Za bei rahisi zinamwaga zambarau, hujui kinachowaka ni nguo au ni taa yenyewe.

Kofia na glavu nilizopanga kutia rangi sijazigusa, na uso na mikono ndivyo vinavyomstua ninga kuliko shati. Sababu nimepata dungu, yaani kibanda cha juu, litakalonificha lenyewe. Mzee mmoja jirani na msitu wa Ngezi ana dungu la kulindia mpunga, mbele yake mkuyu unaanza kuiva, na ninga wa Pemba, ambaye hayuko kwingine duniani, keshalizoea. Kaniruhusu niliezeke makuti pande tatu. Mabichi yatabadilika rangi, makavu yanapiga kelele upepo ukivuma. Naelekea kwenye makavu, niyafunge kwa kamba ya usumba. Kesho napima tundu la lenzi liwe kimo gani.