Bakteria Wanaosafiri na Meli

Abiria anapobonyeza kitufe cha choo cha meli, mara nyingi husikia mfyonzo mkali wa sekunde chache, na baada ya hapo hana habari tena na kilichoondoka. Vyoo vya namna hiyo huvuta uchafu kwa nguvu ya hewa, na kwa kuwa hutumia takriban lita moja tu ya maji kila mara, meli haihitaji matangi makubwa ya majitaka. Mimi huvutiwa na kinachofuata, maana huko chini, karibu na chumba cha mitambo, ndiko bahari inakosalimika au inakochafuliwa.

Mtambo uliozoeleka zaidi ni wa kibayolojia, wenye vyumba vitatu ndani ya tangi moja la chuma. Katika chumba cha kwanza majitaka hupulizwa hewa usiku na mchana, ili bakteria wanaohitaji oksijeni wazaliane na kuula uchafu. Mchanganyiko huo huingia chumba cha pili na kutulia: tope huzama, sehemu yake hurudishwa chumba cha kwanza ili bakteria wasipungue, na maji yaliyo juu hupita chumba cha tatu kuuliwa vijidudu, kwa kawaida kwa klorini, kabla ya kusukumwa baharini. Katika mitambo mingi kuna kipande cha bomba kinachopitisha mwanga, ambamo fundi huliona tope likirudi. Likiwa la kahawia na halina harufu kali, kazi inakwenda. Likiwa jeusi na linanuka mayai yaliyooza, hewa imepungua, bakteria wale wamekufa, na nafasi yao imechukuliwa na wengine wasiohitaji oksijeni, ambao huzalisha salfidi ya hidrojeni. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, na ikizidi huua uwezo wa kunusa, kwa hiyo anayeingia tangini bila kupima hewa kwanza anaweza kupoteza maisha bila pua yake kumwonya.

Linalonisikitisha ni kwamba mara nyingi bakteria hao huuawa na usafi wenyewe. Dawa ya kung'arishia vyoo yenye klorini, ikimwagwa kwa wingi, hufika tangini ingali na nguvu na kuangamiza viumbe waliomo. Idadi yao huchukua siku nyingi kurejea, na muda wote huo mtambo huendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo sababu naamini kwamba mhudumu anayesafisha vyumba anastahili kuelezwa habari za mtambo huu sawasawa na fundi.

Sheria inayotawala jambo hili ni Kiambatisho cha Nne cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotokana na meli; kiambatisho hicho kilianza kutumika mwaka 2003. Kinahusu meli za safari za kimataifa zenye ukubwa wa tani 400 au zaidi, pamoja na zilizo ndogo zaidi ambazo zimeidhinishwa kubeba watu zaidi ya 15. Uchafu uliosagwa na kutiwa dawa huruhusiwa kumwagwa zaidi ya maili 3 za baharini kutoka nchi kavu iliyo karibu; ule ambao haukufanyiwa lolote lazima usubiri mpaka maili 12 zipite, na hata hapo utolewe kidogo kidogo huku meli ikienda kwa kasi isiyopungua noti 4, yaani maili 4 za baharini kwa saa. Katika Bahari ya Baltiki, ambayo maji yake hubadilika polepole mno, meli za abiria hutakiwa pia kupunguza naitrojeni na fosforasi au kushusha majitaka bandarini, na naona ni haki, kwa kuwa virutubisho hivyo hulisha mwani ambao ukioza humaliza oksijeni ya viumbe wengine.

Mitambo iliyowekwa melini tangu mwaka 2016 inatakiwa kutoa maji yasiyo na zaidi ya bakteria 100 wa kinyesi katika kila mililita 100. Kipimo hicho, hata hivyo, hufanywa kwa aina ya mtambo kabla haijaidhinishwa, na cheti cha meli kinaweza kudumu hadi miaka 5. Ningependa kanuni ilazimishe sampuli kuchukuliwa mara kwa mara kwenye bomba la kutolea, meli ikiwa na watu wake wote, na matokeo yaandikwe katika daftari ambalo mkaguzi wa bandari yoyote anaweza kulifungua.