Msimu niliotaka kung'oa mizabibu

Machi ile zabibu zilikuwa zimeiva kiasi kwamba nyuki hawakutoka shambani. Ni ekari moja tu, Mpunguzi, kusini mwa mji wa Dodoma. Mnunuzi tuliyepatana naye alisema ataleta gari Jumatatu. Jumatatu ikapita, Alhamisi ikapita, simu haipokelewi. Na zabibu haingoji mtu. Mvua ikiikuta imeiva, inapasuka na kuoza kwenye kichala.

Nilijaza ndoo na mabeseni, nikapanda daladala hadi soko la Majengo, nikauza kwa mafungu. Nilichopata hakikufika hata nusu ya mkopo wa kikoba niliochukua kwa ajili ya samadi na dawa. Binti yangu alikuwa chuoni, ada inadaiwa.

Jumapili nilikwenda kanisani kwa mazoea. Kwaya ikasimama, nikasimama nayo, sauti haikutoka. Baada ya ibada wenzangu wakanizunguka: "Usilie mama, dai muujiza wako!" Walinipenda, najua. Lakini neno lile liliniongezea mzigo, maana sasa nilikuwa nimekosa pesa na tena naonekana nimekosa imani.

Aliyeninyanyua ni bibi mmoja jirani, Mgogo wa siku nyingi. Alikuja jioni, akanisalimu "Mbukwenyi", akavuta kigoda. Hakuanza na maombi. Aliniuliza deni ni kiasi gani, nikamtajia mpaka senti ya mwisho. Ndipo akanisimulia habari za Mtunya, ile njaa iliyoipiga Ugogo kati ya 1918 na 1920, baada ya majeshi ya vita kuchukua nafaka na ng'ombe, kisha mvua zikakataa. Mama yake aliipitia akiwa mtoto. "Mwanangu," akasema, "mama hakuniambia kwamba Mungu aliwaletea chakula upesi. Aliniambia walizika watu, na bado waliomba."

Akanituma nilete Biblia, nisome Habakuki sura ya tatu. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi, ila sikuwahi kuisoma nikiwa na mizabibu yangu mwenyewe. Nabii anahesabu hasara moja moja: mtini, mizabibu, mizeituni, mashamba, zizi lisilo na ng'ombe. Hafichi kitu. Wala hasemi msimu ujao utakuwa mzuri. Anamaliza kuhesabu, halafu anasema atamfurahia Bwana. Nililia sana usiku ule, na kwa mara ya kwanza tangu Machi nililia nikiwa naongea na Mungu.

Tangu hapo niliomba kwa kuhesabu. Bwana, vichala vimeoza. Deni ni hili. Mtoto anaweza kurudishwa nyumbani. Nakuona uko mbali. Kisha nilitaja hata kimoja nilichopewa siku ile, maji kisimani au mboga ya mlenda, nikalala.

Kikao cha kikoba nilikwenda mwenyewe kabla hawajaniita, nikaeleza yote, wakanigawia marejesho madogo madogo. Chuo kilikubali ada kwa awamu. Mei na Juni nilifanya vibarua vya kuvuna uwele kwenye mashamba ya watu.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kupogoa. Nilikuwa nimeshaamua kung'oa kila shina nipande karanga. Aprili nikashika mkasi bila hamu yoyote, nikapogoa mistari miwili kwa siku. Mzabibu uliokatwa hutoa maji pale penye jeraha, na kwa siku kadhaa shamba zima linaonekana kama kuni zilizochomekwa ardhini. Sikujisikia kuwa na tumaini. Nilipogoa tu, na leo naamini hilo ndilo lililokuwa tumaini langu wakati ule, kukata tawi kwa ajili ya mavuno ambayo sikuyaona.

Mavuno ya Agosti yalikuwa machache, ila yote yaliuzwa. Binti anaendelea na masomo. Kwenye kwaya nimerudi, ingawa kuna ubeti mmoja ambao bado hunikaba koo, na wenzangu huubeba mpaka nitakapoweza kuingia tena.

Bibi bado hupita jioni. Huuliza kwanza deni limebaki kiasi gani, ndipo tunaomba.