Nilivyoijenga Subaru yangu ishindane na saa kwenye joto la Tanga

Mtu akishajua kwamba gari langu lina turbo, swali lake la kwanza ni "Umeweka busti ngapi?", yaani turbo inaisukuma hewa kwenye injini kwa mgandamizo gani. La pili ni hospawa, nguvu za farasi. Sijakutana na aliyeniuliza hewa inaingia kwenye injini ikiwa na joto la nyuzi ngapi. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi hapa Tanga. Riziki yangu yote ni kulitoa joto hapa na kulipeleka kule, na gari hili nimelijenga kwa jicho hilohilo. Busti ni ileile ya kiwandani, karibu bar 1, na bado muda wangu wa mzunguko umeshuka kwa sekunde nane.

Mbio zenyewe vijana wanaziita taimu ataki. Hazina kupitana wala kusukumana. Gari linaingia peke yake, linazunguka mara moja kupasha tairi, mzunguko wa pili ndio unaohesabiwa, wa tatu ni wa kupooza, basi. Zilikulia Japani, hasa kwenye saketi, yaani uwanja wa mbio, ya Tsukuba yenye urefu wa mita 2,045, ambako kushuka chini ya dakika moja ndiko kulikotenganisha magari na maneno. Tangu 2010 kuna mashindano yake makubwa Sydney, Australia. Anayenipa moyo mimi ni Mjapani anayejulikana kwa jina la Under Suzuki, mtu wa kujifurahisha tu, si timu ya kiwanda, ambaye Nissan Silvia S15 yake iliumaliza mzunguko wa Tsukuba chini ya sekunde 50. Ukiliona gari lake lilivyojaa mabawa utacheka. Ukiiangalia saa utanyamaza.

Tanga hatuna saketi. Vumbi la rali tumelila vya kutosha, lakini lami iliyofungwa kwa ajili ya gari moja na saa moja haipo. Tulichopata ni barabara ya ndani ya shamba la mkonge nje ya mji, lami kuukuu inayozunguka korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, iliyokwisha kazi, ikapita nyumba za zamani za wasimamizi, ikarudi getini. Ni kama kilomita moja na nusu. Meneja alitukubalia siku za Jumapili kwa masharti: barua, geti lifungwe, mitungi ya kuzimia moto iwepo, mtu mwenye bendera asimame kila kona isiyoonekana, na helmeti avae hata anayesogeza gari kivulini. Hofu yake ilikuwa ya haki. Mkonge aliouleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 haujabadili tabia. Ncha ya jani lake ni mwiba mgumu, na ukitoka barabarani kwa kasi, rejeta ndiyo inayotangulia kuupokea.

Gari ni Impreza WRX ya kawaida iliyoshuka bandari ya Dar es Salaam kutoka Japani ikiwa imeshatumika, kama magari yetu mengi. Injini yake EJ20 ina cc 1994, silinda nne zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto, na inavuta magurudumu yote manne. Niliipenda kwa sababu spea zake zinapatikana, na kwa sababu mafundi wengi hapa wameshazoea kuifungua. Uzuri wa sura sikuutazama.

Sasa joto. Turbo haifanyi muujiza wowote, inasindilia hewa, na hewa ukiisindilia inachemka. Ukichukua hewa ya mchana wa kaskazi, nyuzi 33 au 35, ukaisindilia kwa bar 1, inatoka kwenye turbo ikiwa imepita nyuzi 120. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo unalisha injini kidogo kuliko geji inavyokudanganya. Baya zaidi, inafanya petroli ijiwakie yenyewe kabla ya wakati, injini inagonga, na EJ20 ikigonga sana huvunja pistoni pale panapokaa ringi. Injini hizi zilitengenezewa petroli ya daraja la juu ya Japani, yenye okteni, yaani kipimo cha petroli kustahimili kugonga, karibu 100. Ya kwetu iko chini ya hapo. Kwa hiyo anayeongeza busti Tanga kwa sababu ameona fulani wa Osaka ameongeza, anakopa kwa mtu asiyesamehe deni.

Kwenye WRX, intakula, yaani ile rejeta ya kupoozea hewa, imelala juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Wengi huihamishia mbele, nyuma ya bampa. Nilikataa. Kuihamisha kunarefusha mabomba, turbo inachelewa kuamka, na kwenye kitanzi kifupi chenye kona nyingi ucheleweshaji huo unaulipia kila unapotoka konani. Nilianza na kupima. Nilichukua kipimajoto changu cha kazini, kile cha waya ninachotumbukiza kwenye majokofu ya samaki, nikapitisha waya hadi kwenye manifoldi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Mwisho wa mzunguko wa kasi kilisoma nyuzi 74. Nikachungulia chini ya boneti kwa tochi, nikaona hewa inayoingia kwenye tundu inatoroka pembeni kupitia upenyo wa vidole viwili, haiipiti intakula kabisa. Nikaziba upenyo wote kwa sponji nyeusi ya kuvishia mabomba ya viyoyozi, nikaikata kwa kisu hadi boneti ikifungwa inaibana kote. Hiyo peke yake ilishusha nyuzi kadhaa.

Kisha maji. Subaru wenyewe waliwahi kufunga kinyunyizio cha maji juu ya intakula kwenye STI, toleo kali zaidi la Impreza, kwa hiyo sikubuni kitu. Nilitumia pampu ya kusafishia kioo, tangi lake, na nozeli ya ukungu. Jamaa mmoja wa fani yangu alinipinga: "Tanga unyevu mwingi, maji hayakauki, utapoozaje?" Hoja yake ni kweli kwa kipoozea hewa cha chumbani. Lakini bati la intakula lina nyuzi 70, si 30, na maji yakigusa bati la namna hiyo yanapaa yakibeba joto, unyevu uwepo usiwepo. Nabonyeza swichi nikiwa kwenye mstari ulionyooka kabla ya korona, sekunde tatu tu. Baada ya sponji na maji, waya ule ulisoma 55. Hapo ndipo mtu wa kompyuta kutoka Dar aliporekebisha ramani ya kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini: mafuta mengi kidogo wakati wa busti, moto wa plagi ukirudishwa nyuma kidogo. Rekodi za sensa ya kugonga nazitazama mwenyewe kila tukitoka, kwa programu ya RomRaider, ambayo ni ya bure.

Oili nayo ni joto lakini ina ugonjwa wake wa pili. Kwenye kona ndefu inakimbilia upande mmoja wa sampu, beseni la oili chini ya injini, bomba la kunyonyea linabaki linavuta hewa, na beringi za krenki zinakaa kavu kwa sekunde moja inayotosha kuziua. Dawa yake ni vizuizi vya bati ndani ya sampu. Nilimpelekea mzee mmoja wa kuchomelea pale Ngamiani, fundi ambaye mshono wake wa gesi huwezi kuutofautisha na wa mashine. Aliigeuza sampu mikononi, akatazama michoro yangu kwenye boksi la sigara.

"Mwanangu, hili sufuria unataka kulitia vyumba?"

"Ndiyo babu, oili isihame yote kwa mara moja."

"Na mlango kila chumba?"

"Wa kuingia tu, wa kutoka hapana."

Akacheka, akaweka vijilango vya bawaba vinavyofunguka upande mmoja, kazi ambayo sikumwambia wala sikujua angeiweza. Nikaongeza rejeta ndogo ya oili mbele, na sipandi mzunguko wa kasi geji ya oili ikiwa imevuka nyuzi 120. Ikivuka nampisha mwingine.

Spea, neno moja tu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Plagi, pampu ya mafuta na beringi usinunue kwa mtu anayekufuata nazo mkononi hadi gereji, hata kama boksi lina maandishi ya Kijapani yanayong'aa.

Ila kilichonipa muda mwingi kuliko vyote ni breki, na juu ya breki watu hawaniulizi kabisa. Fluidi ya breki ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Tatizo ni kwamba inakunywa unyevu wa hewani, na ikishakunywa kiwango chake, kipimo kinachokubalika kinashuka hadi 155. Sasa fikiria chupa iliyofunguliwa dukani mwezi mzima katika mji ulio ukingoni mwa bahari. Diski zikishika moto fluidi inachemka, mvuke unajaa ndani ya mabomba, na pedali inazama hadi chini bila gari kusimama. Kwa hiyo nanunua chupa ndogo zilizofungwa kwa lakiri, naimaliza au naimwaga, na kila kabla ya Jumapili tunatoa fluidi ya zamani. Mpwa wangu anakaa kwenye usukani, mimi chini na spana namba 10 na mpira mwembamba uliotumbukizwa kwenye chupa ya maji.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga, mjomba."

"Shikilia hapo hapo." Nafungua nati robo, fluidi ya rangi ya chai inatoka na vipovu vyake, nafunga. "Achia. Tena."

Tunaendelea hivyo gurudumu kwa gurudumu hadi inayotoka iwe safi kama maji na pedali iwe ngumu juu kabisa. Pedi ni za mbio, zinapiga kelele mjini hadi watu wa bodaboda wanageuka. Nyuma ya bampa nimepitisha mipira miwili ya hewa, ya kipenyo cha ngumi, kila mmoja unapuliza katikati ya diski. Kabla ya hapo nilikuwa naanza kupunguza kasi mapema nikiogopa pedali. Siku hizi nasubiri hadi nguzo ya pili ya geti la zamani, na tofauti ya nguzo na nguzo ndiyo sekunde zenyewe.

Kuendesha turbo kwenye kona kunataka kutangulia. Ukingoja uone njia imenyooka ndipo ukanyage, utapata nguvu wakati umeshapita pa kuihitaji, maana turbo inahitaji moshi wa kutosha ili izunguke, na kuzunguka kwenyewe ni zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Kwa hiyo gesi naigusa mapema, gari likiwa bado linageuka, kidogo tu, turbo ianze kupiga mluzi, kisha naongeza usukani unavyonyooka. WRX ina kawaida ya kusukuma pua nje ya kona ukiilazimisha. Tairi za mbele nimezilaza, juu zikiegemea ndani kwa nyuzi mbili na nusu, na naingia konani nikiwa bado nimeigusa breki ili uzito ukae mbele. Upepo wa tairi naanza na psi 28 zikiwa baridi. Lami ya jua inazipeleka hadi 34 zenyewe. Ukianza na 34 unamaliza ukiteleza.

Muda tuliupima kwanza kwa simu, tukagombana. GPS ya simu nyingi inasoma mara moja kwa sekunde, na kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa gari limeshakwenda karibu mita 28 kati ya alama na alama. Huwezi kusema nani amemshinda nani kwa nusu sekunde kwa kifaa cha namna hiyo. Tulichanga tukanunua kipokezi cha nje kinachosoma mara kumi kwa sekunde, ubishi ukahamia kwenye tairi. Mimi nilianza na dakika 1 na sekunde 21. Sasa hivi ni 1 na 13, na huo ni muda wa alfajiri, saa kumi na mbili na nusu, miezi ya kusi. Wakati wa kaskazi muda huo siupati, na sijitesi kuutafuta.

Kuna kijana wa Dar amekuja na bawa la kaboni la nyuma, zuri kweli, ananishawishi nilichukue kwa awamu. Nimemuonyesha hesabu. Nguvu ya bawa inakua kwa mraba wa kasi, kona yetu ya kasi kuliko zote naipita kwa kilomita 90 kwa saa, na za polepole hazifiki 60. Kwa kasi hiyo bawa litanipa uzito wa kubeba kuliko uzito wa kunishika chini. Under Suzuki ana Tsukuba, mimi nina korona. Pesa hiyo nimeagizia tairi nne za 215/45 inchi 17 zenye mpira laini, na pesa zikibaki kidogo nitamrudia babu wa Ngamiani, maana gia boksi nayo imeanza kupata moto.