Nilivyosimamisha igeti ya APRS ya kupokea tu, Dar es Salaam

APRS ni mfumo wa redio za ridhaa wa kutangaza mahali kituo kilipo kwa pakiti, yaani vifurushi vifupi vya data. Igeti hupokea pakiti hizo zinazorushwa hewani, kisha huzipeleka kwenye seva za APRS ili zionekane kwenye ramani ya intaneti. Nilianza na ya kupokea tu. Haihitaji redio ya kurusha, na ikikosea haimsumbui mtu kwenye masafa. Hata hivyo alama ya wito (jina la kituo linalotolewa na leseni) ni lazima, kwa sababu seva hazipokei pakiti kutoka kwa kituo kisichoingia kwa alama yake na nambari ya siri inayotokana nayo (passcode). Kwa Tanzania leseni hutolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na alama huanza na 5H.

Vifaa: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kipokezi cha redio cha USB cha RTL-SDR, programu ya Direwolf inayosoma pakiti kutoka kwenye sauti, na antena niliyojitengenezea. Antena ni soketi ya SO-239 na vipande vitano vya waya wa shaba wa umeme wa nyumba: kimoja cha sentimita 49 kimesimama wima katikati, vinne vya sentimita 52 vimeinamishwa chini nyuzi 45. Kebo ya RG-58 nimeiacha mita 10 tu. Kwenye masafa haya urefu huo hula kama desibeli 2, kwa hiyo ni afadhali Pi isogee karibu na antena na waya wa mtandao ndio urefuke.

Masafa ni 144.800 MHz. Miongozo mingi ni ya Wamarekani na imeandikwa 144.390; ukiinakili utakesha ukisikiliza kimya.

Amri ninayotumia:

rtl_fm -f 144.80M - | direwolf -c sdr.conf -r 24000 -D 1 -

Ikigoma na kulalamika usb_claim_interface error -6, kipokezi kimeshikwa na draiva ya televisheni. Izuie dvb_usb_rtl28xxu kwenye orodha ya blacklist, halafu uwashe Pi upya.

Ndani ya sdr.conf, faili la mipangilio ya Direwolf, MYCALL ni alama yako ikifuatwa na -10, IGSERVER ni euro.aprs2.net, na IGLOGIN ni alama pamoja na nambari yake. Kinachowapiga chenga wengi ni mstari wa PBEACON, unaotangaza kituo chako kilipo. Simu inakupa 39.2695, nawe unaandika long=039^26.95E. Hapo umekosea, maana baada ya ^ zinakaa dakika, si desimali: 0.2695 mara 60 ni 16.17, hivyo inatakiwa 039^16.17E. Kosa hilo peke yake lingekihamisha kituo cha katikati ya jiji kama kilomita 20 mashariki, baharini. Direwolf inakubali desimali pia, lat=-6.8235, lakini ukisahau alama ya kutoa, ramani itakuweka Ethiopia, upande wa milima ya Bale. Weka pia sendto=IG, la sivyo itajaribu kurusha tangazo hewani bila kuwa na redio.

Kujaribu, nilitumia redio ya mkononi ya wati 5 kutoka mtaa wa pili. Ukisikia mlio lakini Direwolf haitoi mstari, shuku kelele kwanza. Adapta ya simu ya bei rahisi na taa za LED karibu na antena zinatosha kuzamisha pakiti, maana sauti ya 1200 na 2200 Hz ikichafuka kidogo tu hesabu ya uhakiki inakataa pakiti nzima. Atakayetumia redio ya kawaida badala ya RTL-SDR afungue kabisa skwelchi (kinachonyamazisha kelele) na azime hali ya kuokoa betri. Vyote viwili hukata mwanzo wa pakiti.

Kwenye aprs.fi, tovuti ya ramani ya APRS, fungua pakiti ghafi utafute qAR au qAO, alama zinazoonyesha kuwa pakiti imepitia igeti, ikifuatwa na alama yako. Isipoonekana usiharakishe kufungua boksi: pakiti ikisikika na igeti mbili, seva huchukua iliyotangulia na kutupa ya pili. Angalia kwanza kwenye dirisha la Direwolf kama imeandika [rx>ig], yaani imeipeleka pakiti kwenye seva.