Kutembeza watoto wadogo Mombasa kwa siku moja: uzoefu wangu

Wangu wana miaka 3 na 6. Mtoto wa miaka 10 ni safari nyingine kabisa, kwa hiyo haya ninayoeleza yachukuliwe kwa umri huo mdogo.

Kabla ya kufungasha chochote hutazama mwezi. Maji ya Mombasa hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo huchelewa kwa kama dakika 50. Karibu na tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu huwa bamvua: maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa hadi mnamo saa kumi alasiri, na tofauti kati ya kupwa na kujaa huzidi mita 3. Wiki moja baadaye, tarehe 7 au 8 na tarehe 22 au 23, huja maji mafu. Hapo mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi, hupwa alasiri, na tofauti huwa kama mita 1 tu. Ukitaka dakika kamili, tafuta jedwali la maji la bandari ya Kilindini, lakini angalia limeandikwa kwa saa zipi. Mengine hutumia saa za Greenwich, na asiyeongeza saa 3 hufika ufukweni saa 3 kabla ya wakati wake.

Jambo la pili ni daraja. Ukitaka Ngome ya Yesu, bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, mbuga ya wanyama ya Haller na ufukwe wa Bamburi kwa siku moja, nusu ya siku utaimalizia garini kwenye Daraja la Nyali, linalounganisha kisiwa cha Mombasa na bara, na watoto wanalia. Mimi huchagua upande mmoja. Ama nabaki kisiwani (Ngome asubuhi, Mama Ngina jioni), ama navuka niende Bamburi, ambako mbuga na ufukwe wa umma, ule tunaouita Pirates, viko barabara moja ya Malindi na tuktuk inakufikisha kwa dakika chache. Kwa watu wanne wenye mizigo tuktuk ni afadhali kuliko matatu: haikuteremshi upande wa pili wa barabara, na mtoto hakai magotini mwa mtu asiyemjua. Patana bei kabla ya kupanda.

Sasa maji na upande vinakutana hivi. Siku za bamvua nikienda Bamburi naanza na bahari: tunafika saa mbili asubuhi maji yakiwa yanarudi nyuma, tunatoka saa nne na nusu kabla jua halijawa la utosi, tunaingia mbuga kabla ya saa tano, twiga hawajaanza kulishwa. Siku za maji mafu nageuza: mbuga kwanza, chakula na usingizi kivulini, kisha bahari kuanzia saa tisa na nusu. Maji mafu ndiyo ninayoyapenda kwa mdogo, kwa kuwa hayakimbii. Hapungukiwi maji ghafla, wala hayamjii kwa kasi.

Mbuga ya Haller ilikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye jangwa lile la chokaa. Mivinje ndiyo iliyoshika, na jongoo wakaletwa wale majani yake yaliyokauka ili udongo upatikane. Faida yake kwa mzazi ni kivuli: njia karibu zote ziko chini ya miti, na hata saa sita mchana mtoto anaweza kutembea. Twiga hulishwa saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Uliza tena getini, na fika kwenye jukwaa dakika 15 mapema, kwa kuwa wanafunzi wa shule wakitangulia hutaona kitu. Chakula cha twiga kinauzwa pale pale. Kiweke juu ya kiganja kilichofunguka. Twiga hana meno ya mbele juu, anazoa kwa ulimi, na huo ulimi mrefu mweusi ndio unaowatisha wadogo. Usimnyanyue mtoto juu ya ukuta aone vizuri. Kichwa cha twiga kikigeuka kinapiga kama gogo. Wa miaka 3 mwache asimame nyuma yako kwanza, atasogea mwenyewe.

Kobe wakubwa wa Aldabra watawashika watoto kuliko mamba na nyoka. Hapa ndipo alipoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akajiambatanisha na kobe mzee aitwaye Mzee. Simulia kisa hicho mkiwa mbele ya kobe, na una nusu saa ya utulivu. Tumbili nao wapo, na wanajua zipu. Ndizi usiitoe ukiwa unatembea.

Ngome ya Yesu inataka mpango mwingine. Inafunguliwa saa mbili asubuhi, na saa mbili ndiyo saa yake: uwanja wa ndani hauna kivuli cha kutosha na mawe ya matumbawe yakishika joto hayaachi. Kigari cha mtoto kiache nyumbani, sakafu haina usawa na ngazi ni za zamani. Mdogo mbebe kwa leso mgongoni. Makumbusho ya serikali siku hizi hulipisha kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, basi simu iwe na chaji na M-Pesa iwe na salio, na vitambulisho vya watu wazima mkononi ili mlipe bei ya raia. Mtoto hataki kusikia kwamba Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596. Mwambie kwamba ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala, kisha mtafute mikono na miguu. Mizinga wanaipanda, na hapo ndipo pa kuwa macho: matundu ya mizinga ukutani yana upana wa kutosha mtoto kutambaa hadi ukingoni, na chini ni mbali. Saa moja na nusu yatosha. Baada ya hapo hawaoni tena, wanaburutwa tu.

Mama Ngina ni pa kuanzia saa kumi, upepo ukiwa umeingia. Watoto wanakimbia chini ya mibuyu na kutazama meli zikiingia Kilindini karibu kabisa na nchi kavu. Kuogelea hapana, ni miamba na mkondo. Siku za Idi usiende na wadogo, utapoteza mtu.

Chakula hubeba cha kutwa: mahamri 12 kwa watu wanne, mayai ya kuchemsha, ndizi, viazi vitamu. Mbaazi za nazi ninaziacha nyumbani ijapokuwa mahamri bila mbaazi yananiuma, kwa sababu tui kwenye joto lile huchacha kabla ya adhuhuri na tumbo la mtoto ndilo la kwanza kujua. Maji lita 6 hadi saa tisa, chupa 2 zikiwa zimegandishwa usiku ili zipoze nyingine. Usingoje mtoto aseme ana kiu, mpe mafunda machache kila dakika 20. Vya kununua njiani, viazi karai na mihogo, chukua vinavyotoka kwenye mafuta sasa hivi, useme bila pilipili kabla muuzaji hajapasua muhogo, maana mkono wake umezoea. Mchuzi wa ukwaju ulioachwa wazi tangu asubuhi tunaupita. Dafu lichongwe mbele yako. Mwezi wa Ramadhani wauzaji wengi hufungua jioni tu, basi mzigo wa chakula uongezeke.

Baharini sheria yangu ni moja: mtu mzima mmoja kwa kila mtoto, umbali wa mkono, simu ikiwa ndani ya mfuko. Mtoto anayezama hapigi kelele. Maboya ya kukodi ya tyubu yanafaa kuchezea mchangani na kwenye maji ya magotini. Asubuhi na mapema upepo wa umande huvuma kutoka nchi kavu, na maji yakiwa yanapwa nayo huvuta kuelekea mwambani. Vitu hivyo viwili pamoja husukuma tyubu yenye mtoto kwa haraka usiyoitarajia. Maji yakiwa yamepwa sana watoto hupenda kwenda kwenye vidimbwi vya mwambani. Nenda nao, lakini wote wavae viatu vya mpira vinavyofungwa, kwa ajili ya wale wadudu weusi wenye miiba mirefu. Ndara huchomoka kwenye matope. Geuka kurudi pale maji yanapoanza kujaa, kwani hujaa kwanza nyuma yako, kwenye mabonde ya mchanga, ukidhani bado una nchi kavu. Yavuyavu, yule mnyama wa baharini laini kama jeli anayewasha, likimgusa mtoto, osha kwa maji ya bahari. Maji ya chupa yasiyo na chumvi huzidisha uchungu, na kusugua kwa mchanga vilevile.

Mavazi: shati la mikono mirefu la kuogelea, rangi ya machungwa au njano. Buluu na nyeupe hupotea ndani ya povu. Namba yangu ya simu huiandika kwa kalamu ya wino mkononi mwa mtoto, jina silitaji popote, mgeni asije akamwita kwa jina lake. Mafuta ya jua hupakwa nusu saa kabla ya kutoka na tena kila baada ya saa 2, nyuma ya masikio na juu ya nyayo pia. Ngozi nyeusi nayo huungua, asikudanganye mtu.

Msimu nao una neno. Kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari ni tulivu na safi lakini joto ni kali. Kusi, upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, huleta mawimbi na marundo ya mwani ufukweni. Mwani hauna madhara, ila mdogo hakanyagi, basi beba ndoo na koleo acheze juu.

Jumapili tunaondoka Pirates saa kumi na nusu, kabla umati haujasimama barabarani kutafuta matatu. Mchanga kwenye miguu ya watoto haufutiki kwa taulo lililolowa. Nyunyiza poda, subiri nusu dakika, kisha pangusa kwa mkono mkavu, unadondoka wenyewe. Nguo za ziada ziwe jozi 2 kwa kila mtoto, kwa kuwa ya kwanza italowa mkiwa mnasubiri tuktuk.