Kanisa la zamani, wiki ya sita ya ukarabati: ukuta umekataa saruji

Jumamosi tulibandua lipu ya saruji kwenye ukuta wa magharibi. Ilitoka mapande kwa mapande kama ganda la muhogo, na nyuma yake tofali za kuchoma zimegeuka unga. Ukikwangua kwa ukucha, ukucha unazama. Saruji haipumui. Unyevu unaopanda kutoka chini msimu wa mvua ukikosa pa kutokea, unabaki ndani ukila tofali. Pembeni, ambako hakuna aliyegusa lipu ya zamani ya chokaa, tofali ziko imara.

Fundi hakukubali. "Kaka, chokaa ni ya kupaka rangi. Tuweke saruji tumalize." Tumebishana hadi chai ikapoa. Mwisho akanipa mita moja ya mraba nijaribie: debe moja la chokaa, matatu ya mchanga uliochekechwa. Tumefunika kwa magunia mabichi, maana chokaa ikikaushwa haraka na jua la Tabora inapasuka.

Kuhusu umri wa kanisa, kila mtu hapa anasema "la Mjerumani". Lakini Mapadri Weupe, shirika la wamisionari alilolianzisha Askofu Mkuu Lavigerie kule Algiers mwaka 1868, walifika Tabora 1878, kabla Mjerumani hajatawala. Walitembea kutoka Bagamoyo, na Padre Pascal, aliyeongoza kundi la kwenda Ziwa Tanganyika, akafia njiani. Januari 1879 wenzake wakaingia Ujiji. Reli ilifika Tabora 1912 tu, Kigoma 1914. Kabla ya hapo kila msumari ulikuja kichwani mwa mpagazi.

Ndiyo maana juzi nilikaa juu ya ngazi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kenchi za paa upande wa altare, mninga mtupu, zimeungwa kwa vigingi vya mbao. Za upande wa mlango zina misumari. Mimi nakisia altare ilitangulia reli, mlango ukafuata.

Katekista mstaafu alipoziona tofali alicheka. "Mwanangu, babu yangu alisema kila aliyekuja mafundisho alibeba tofali moja. Bila tofali, rudi nyumbani."

Alhamisi fundi alibonyeza kile kipande cha majaribio kwa kidole gumba, akanyamaza, kisha akauliza mfuko wa chokaa unauzwaje.

Nilisahau: linta, ile boriti ya juu ya dirisha la sakristia, imeliwa na mchwa, imebaki ganda. Jumamosi ijayo tunaanza na hiyo.